Kumvizia Wifi Saa Sita Mchana

Jumatatu, 9 Juni

Umepotea, na hata aibu huna. Najua unaisoma shajara hii kila ukija, mjukuu wangu. Mara ya mwisho uliacha alama ya kidole chenye siagi kwenye ule ukurasa nilipomsema mama yako. Tangu siagi hiyo hujaonekana tena. Kazi, kazi. Unapiga simu. Simu nitaipaka mafuta kichwani? Mimi naandika, shajara inalala chini ya godoro, na hakuna wa kuiiba. Siri isiyo na mwizi ina faida gani?

Mwandiko nivumilie. Shule sikuingia hata kwa bahati mbaya. Herufi nimeziokota jikoni, mwanangu, baba yako, alipokuwa mtoto akisoma kwa sauti nami nakanda unga, na nyingine nimezitoa kwenye magunia ya mchele. Ndiyo maana M yangu ina kibiongo.

Sasa habari. Wamenipokonya jiko.

Ilikuwa hivi. Jana niliamka mapema kama kawaida yangu, majogoo bado wanakoroma. Nikapika dengu za nyumbani, za baba yako na mafundi wenzake wa miwani kule dukani, za mlinzi, na sufuria moja ya ziada kwa yeyote atakayepita. Nikakaa kwenye kigoda zichemke. Nikafumba macho kidogo, kuyapumzisha tu. Kuyafumbua, mama yako amesimama katikati ya moshi, taulo kichwani. Sufuria nyeusi. Pindo la sari yangu lina tundu la kupitisha ngumi.

Mama yako hakupiga kelele. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya, hapigi kelele. Alizima gesi, akafungua madirisha, akaleta ile mashine ya presha ya duka lake la dawa. Akanipima. Akanipima tena. Akamwita baba yako, wakanong'ona mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati.

Hukumu ikatoka. Mpaka mwisho wa mwezi nisitie mguu jikoni. Nijitunze. Niende hekaluni, Panditji, kuhani wetu, anipe utaratibu. Siku ya mwisho ya mwezi nitapimwa. Presha ikishuka, jiko langu. Isiposhuka, wanaajiri mpishi wa kudumu.

Mpishi. Mtu baki atie mkono kwenye chumvi yangu. Nikawauliza kama na kuni za kunichomea nikifa wameshaagiza, tumalize mambo kwa mkupuo mmoja. Baba yako akatazama dari. Mama yako akaenda kazini na koki ya mtungi wa gesi ndani ya mkoba, kati ya kitana na leso.


Jumanne, 10 Juni

Nimeenda hekaluni. Panditji wetu ana mafua, kila sentensi anaikata na chafya. Nikamweleza dhuluma yote. Akaniuliza huwa nalala saa ngapi. Nikamwambia kazi ikiisha. Akauliza kazi inaisha lini. Nikamwambia asiniulize maswali ya kitoto.

Ilikuwa saa sita mchana, wakati wa kufunga pazia. Tangu nikiwa bibi harusi naliona pazia lile likifungwa. Bhagwan, Mungu wetu pale katika sanamu yake, anaamshwa asubuhi, anaogeshwa, anavishwa, analishwa, na mchana analazwa. Pazia likishafungwa, kengele hailii, maombi hayapokelewi, hata tajiri aje na magari matatu atasubiri nje. Kuchungulia ni mwiko.

Panditji akaniuliza nani anaendesha dunia hii. Nikasema Bhagwan. Akauliza na hapo nyuma ya pazia amelala nani. Nikasema Bhagwan. Akauliza kama dengu zangu ni mzigo mzito kuliko dunia. Nikamwambia hajazionja.

Akapiga chafya, akasema Bhagwan huyo huyo anakaa ndani ya kifua changu, hekalu ni mimi mwenyewe, na hekalu hilo mlinzi wake halifungi pazia hata siku moja. Kisha akanipa dawa. Asubuhi nioge, niwashe taa ya samli, nikae kimya mpaka utambi uzime. Mchana Bhagwan akilazwa, nami nilale. Usiku niwahi kitandani. Basi. Kidogo, kila siku, na nisimtangazie mtu.

Nikasubiri aendelee. Kumbe amemaliza. Nimetembea njia yote ile kupewa dawa ya kitoto kichanga. Kuoga na kulala.


Jumatano, 11 Juni

Nimepiga hesabu. Kama kidogo kila siku kinamponya mtu kwa mwezi, basi kingi siku moja kitamponya siku hiyo hiyo. Kesho narudishiwa koki.

Nikaoga maji baridi mara tatu. Nikawasha taa saba, moja moja ni za maskini wa bidii. Nikatembeza shanga zangu za kuhesabia jina la Bhagwan mpaka vidole vikafa ganzi. Sikula. Nikabana pumzi kama yule mwalimu wa kwenye televisheni mwenye tumbo la kuingia ndani.

Jioni baba yako aliporudi nikainuka nimwoneshe nilivyotulia. Miguu haikuwepo. Yenyewe ilishapumzika, nikaenda peke yangu. Nikaangukia kamba ya nguo na mashati yake yote mabichi. Wakanikuta sakafuni nimevaa mashati manne.

Mama yako akanipima. Namba hakuitaja. Aliuma tu mdomo.


Ijumaa, 13 Juni

Panditji amesema nisitangaze. Hakusema nisisikike. Hayo ni mambo mawili.

Basi alfajiri nikachukua kengele ya sala, nikaenda barazani, nikawasha taa yangu na kumwamsha Bhagwan. Na kwa kuwa Bhagwan yuko kila mahali, nikampigia kila mahali. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Mtoto wa jirani akaitikia. Ghorofani juu yetu wifi yangu akapiga kisigino sakafuni.

Baba yako amepita milango mitatu kuomba radhi. Jioni wifi akashuka mwenyewe.

Huyu wifi unamjua kwa juu juu, unamwita bibi wa juu na anakupa karanga. Mimi namjua kwa ndani. Ni dada wa marehemu babu yako, rika langu kabisa. Siku ya kwanza nilipopika katika nyumba hii kama bibi harusi, alionja chakula changu, akaomba maji. Maji tu. Umri wetu ni mmoja lakini yeye ngozi yake ni yai lililomenywa, na mgongo umenyooka kama mti wa bendera. Lazima kuna hila.

Akakaa, akakunja mikono, akaniambia kwa upole, wifi yangu, Bhagwan hana tatizo la masikio. Akarudi juu. Ngazi zote zile, hahemi.


Jumapili, 15 Juni

Nimepata. Usiku wa giza nao una nyota yake.

Nimemwambia mama yako kwamba kuanzia kesho kona yangu ya sala itakuwa na pazia, na asubuhi nikishalifunga asinisemeshe mtu. Macho yake yalinenepa kwa furaha. Akatoa shuka lake jipya, baba yako akapigilia misumari. Nikaona vibaya kidogo. Kidogo tu.

Sasa sikiliza ufundi. Ile simu yako ya zamani uliyonifundisha kutuma ujumbe wa sauti, leo nimeisomea jina la Bhagwan nikiwa dirishani, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyetulia. Ikifika mwisho inarudi mwanzo yenyewe. Nikaupata mto mnene, nikauvika shali. Na kule juu ya paa, tunapoanika nguo, nimelificha lile jiko dogo la umeme alilokuwa nalo baba yako ujanani.

Pazia hakuna atakayelifungua. Nyumba hii imelelewa, na niliyeilea ni mimi.


Jumatatu, 16 Juni

Imekwenda kama mafuta. Pazia likafungwa, mto ukaomba, mimi nikapanda paa kwa ncha za vidole. Mlango wa wifi nikaupita bila kupumua. Nimepika dengu, nimekaanga vitunguu, nimerudi. Dengu nimempa mlinzi na mafundi. Mto ulikuwa bado unaomba. Una subira kuliko mimi.

Mama yako akaninong'onea jioni kwamba leo sauti yangu ilimtuliza hata yeye, akaenda kazini amepoa. Nikajibu kwamba ibada haitaki sifa.


Jumatano, 18 Juni

Aliyeniponza ni muuza maziwa.

Leo alichelewa, na mama yako zamu yake ilikuwa ya mchana, akamkaribisha sebuleni asubiri chombo kisuuzwe. Nyuma ya pazia sauti yangu inaomba, tamu kama asali. Muuza maziwa akavua kofia, akaunganisha viganja. Pazia likamwambia, wewe, maziwa yako haya yameoga kabla yangu.

Ni kwamba Jumapili nikiwa dirishani narekodi, alipita chini. Mimi ni mtu wa kazi nyingi. Nilimwambia lililokuwa la kumwambia, nikaendelea na sala. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Maskini akaruka. Akaliapia pazia kwamba mama, leo hata tone sijatia. Pazia likaendelea na jina la Bhagwan, akadhani amesamehewa. Sauti ikazunguka. Maziwa yako haya yameoga kabla yangu. Akakiri kwamba ni kidogo tu, na ni ya jioni. Ikazunguka tena. Akakiri na ya asubuhi, na akataja na bomba anakotekea. Mama yako amesimama pale na chombo mkononi, mdomo wazi.

Kulifungua pazia hakuweza. Nilimfunza mimi mwenyewe. Akamwita baba yako, akatoka bafuni na povu la kunyolea mashavuni. Naye hakulirarua kama mhuni. Alichukua kengele, akaigonga pole pole kama hekaluni Bhagwan anapoamshwa, ndipo akalisogeza.

Mto. Umevaa shali yangu na miwani yangu. Simu mapajani. Mto hauna mapaja, lakini nilikuwa nimeupa.

Na hapo hapo mimi nikaingia mlangoni na sufuria ya moto, nasema nipisheni, inaungua. Hakuna aliyenipisha. Nikasema ndiyo kwanza namaliza sala.

Baba yako alicheka mpaka povu likamwingia puani. Muuza maziwa akakimbia bila kofia. Mama yako hakucheka. Alikaa chini kando ya mto, akalia. Miaka yote hii sijawahi kumwona akilia, hata alipokuzaa wewe ukiwa umekaa kimakosa. Akasema siku ile ya moshi alinishika bega, akanitikisa, na kwa muda mfupi sikuitika. Akasema mama yake mzazi alishaondoka, hana mwingine wa kumwita mama ila mimi, na mimi namwekea mto.

Nikampakulia dengu. Akala huku analia. Zilikuwa zimekolea, hilo hata yeye alikubali.


Alhamisi, 19 Juni

Mama yako anataka mpishi aje wiki ijayo. Baba yako amenitetea, kasema makubaliano ni mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi haujafika. Jiko la umeme limechukuliwa. Panditji ameitwa.

Akaja na leso yake. Nilijiandaa kugombezwa, nimeshapanga na majibu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, mama, huo mto ulipumzika vizuri? Akasema mkwe wangu nilimdanganya ndiyo, lakini mkwe wangu usiku alilala. Aliyekosa usingizi ni yule yule wa ndani, na Yeye hana pa kwenda kulala pengine.

Hilo liliniingia kidogo. Lingekaa, ila aliposimama mlangoni akaharibu. Akasema kama naona vigumu, nimtazame wifi yangu. Kila siku saa sita anafunga pazia lake, analala, na analala kweli. Miaka mingi sasa.

Analala kweli.

Nimewaza jioni nzima. Mtu mzima mwenye akili halali mchana kila siku kwa hiari yake. Haiwezekani. Wifi ana mto wake, tena mzuri kuliko wangu. Nitapanda juu, nitakaa, nitamkamata. Nikishamkamata nitawaonesha Panditji na mama yako kwamba yai lililomenywa nalo ni viza, na wote tunadanganya. Hapo watanirudishia jiko langu kwa aibu.


Ijumaa, 20 Juni

Zamu ya kwanza.

Nilipanda kabla ya saa sita. Wifi akafungua, hakushtuka, akasema karibu wifi. Nikasema nimekuja kukusalimia. Akasema salamu yangu imechukua miaka kumi na mbili kupanda ngazi, itakuwa imechoka. Ulimi wake huo.

Chumba safi. Picha ya babu yako ukutani, mmea wake wa mtulasi dirishani, kona ya sala na pazia dogo. Sakafuni mikeka miwili imetandikwa. Miwili. Anaishi peke yake. Nikajua huo ni mtego, nikakaa ukutani badala yake. Akalifunga pazia, akaweka kidole mdomoni kwamba Bhagwan analala, akajilaza. Nami nikakaza macho. Sasa atainuka. Sasa atatoa simu chini ya mkeka. Sasa atakula kitu.

Nilipumzisha macho kidogo tu.

Kumbe ni alasiri. Wifi anamwagilia mtulasi, ameshanawa uso, na mimi niko kwenye mkeka wa pili na shuka juu yangu. Sikumbuki kuingia mkekani. Ameniponyoka. Alifanya mambo yake yote nikiwa pale. Amenipa maji nilipoingia, na naamini maji yale yalikuwa na kitu.


Jumamosi, 21 Juni

Maji nimekataa. Nimelala tena. Hayakuwa maji.


Jumatatu, 23 Juni

Jana nilikwenda, nimelala. Leo nilibeba sinia ya dengu za kuchagua mawe, mtu mwenye kazi mkononi halali. Nimeamka dengu ziko sakafuni kote, hadi kwenye nywele zangu. Wifi alikuwa anaziokota moja moja. Akaniuliza kama nilikuwa nazipanda. Tukaziokota wote. Akasimulia jinsi babu yako alivyokuwa mdogo, alivyojificha kwenye pipa la unga akapiga chafya. Hiyo sikuwahi kuisikia. Nimecheka, lakini nikabaki macho.

Tatizo naliona sasa. Silali usiku vya kutosha, ndiyo maana mchana nazidiwa. Adui hapigwi vita na mtu mwenye usingizi. Kuanzia leo nakwenda kitandani mama yako akizima televisheni. Yeye alidhani naumwa.


Jumatano, 25 Juni

Nimelala usiku kama jiwe. Alfajiri nimeoga, nimewasha taa, moja tu, samli inataka kuisha. Nimekaa mbele yake nikamwomba Bhagwan anipe ushindi juu ya wifi. Nimemweleza mpango wote ili asichanganye.

Mchana nikaweka pilipili chini ya ulimi. Inawasha sana. Inawasha mpaka unapoanza kuota unakula mchuzi.


Ijumaa, 27 Juni

Kigoda. Aliyekaa kwenye kigoda hawezi kulala, huo ni ukweli wa mwili. Si ukweli. Nimemwangukia wifi. Akasogea tu, akanipa nafasi.

Baadaye akaniambia kitu kwa sauti ya chini, anakunja mikeka. Kwamba tangu mumewe afariki, mkeka wa pili huutandika kila mchana, mkono umezoea, na mara nyingi huukunja bila kulaliwa. Nikamtazama usoni nione uongo umekaa wapi. Sikuuona. Huyu mwanamke ni hatari.

Nikamwambia kesho nitakuja mapema. Ili nimkamate, lakini hilo sikusema.


Jumapili, 29 Juni

Kesho napimwa. Mama yako ameshamwita mtu wa kuja kufanyiwa usaili wa upishi, nimemsikia kwenye simu. Nina siku moja na bado wifi sijamkamata. Leo nilimvizia nikiwa nimesimama. Nimelala nimesimama, kama punda. Akanilaza.

Alfajiri kulitokea kitu cha ajabu, nakuandikia wewe tu. Nilikaa mbele ya taa nimwombe Bhagwan ushindi. Nikautazama ule moto mdogo. Ukatikisika, ukatulia. Utambi ukazima, moshi ukapanda, kukawa kumekucha, na sikuwa nimeomba kitu chochote. Nilisahau. Kifua kilikuwa chepesi kama mtu ametoka na mizigo yake humo.

Uzee huo. Nisamehe kama kesho wananiletea mpishi, nilipoteza nafasi ya mwisho ya kuomba.


Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi mama yako alileta mashine. Baba yako akasimama nyuma ya kiti changu, mikono mabegani mwangu. Mpishi wa watu yuko sebuleni na barua zake za sifa, kijana mnene mwenye kucha safi. Nilishaamua kumchukia lakini alinisalimia vizuri.

Mashine ikabana mkono, ikapumua. Mama yako akaitazama. Akasema imeharibika. Akajipima mwenyewe, ikamwambia yake, na yake haikumpendeza. Akampima baba yako. Akanirudia mimi, mara mbili. Kisha akaweka mashine mezani, akafungua mkoba, akatoa koki ya gesi, akaniwekea kiganjani. Akanikumbatia mpaka mfupa mmoja ukalia. Mpishi tumempa chai, na nimempakia chakula cha njiani, maana hakuna mtu atakayetoka nyumbani kwangu na kucha safi hivyo na tumbo tupu.

Masharti ni kwamba napika asubuhi tu, na si kabla jua halijachomoza. Saa sita jiko linafungwa. Nikakubali haraka, saa sita mimi niko kazini juu.

Mama yako akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba sikufanya chochote. Alipompigia Panditji simu kumpa habari, nilisikia chafya na kicheko kwa pamoja. Akaomba niambiwe niendelee hivyo hivyo na ibada yangu. Ibada gani? Yule mzee mafua yamepanda kichwani.

Kusema kweli utaratibu wake ni mzuri, na siku moja ningependa kuujaribu. Lakini angalia maisha yangu. Alfajiri lazima nikae na taa nipange mambo ya wifi. Mchana kutwa niko zamu kwa wifi. Usiku lazima niwahi kulala ili kesho nisizidiwe na wifi. Muda wa kujitunza nitautoa wapi mimi?

Leo nimelala tena. Lakini amekaribia kunaswa, naona. Wakati naingia usingizini nilimsikia anacheka peke yake.

Sasa wewe, mwizi wa shajara. Jana kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mtu anayekula amesimama. Usinibishie, nimelea watoto, najua. Ukija safari ijayo usiingie kwetu kwanza, mama yako atakushika kwa maneno. Njoo kabla ya saa sita, panda moja kwa moja kwa wifi, nitakuwa nimekuwekea mkeka wa tatu katikati yetu. Wewe una macho ya kijana, utamvizia mimi nikipumzisha ya kwangu. Zima hiyo simu. Njoo na mto wako mwenyewe, sakafu yake ni ngumu. Na usije ukalala.